Akicheka Anaanguka, Akikaa Analala

Asalaam aleykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma, mama wa watoto wanne. Nauza mawese na dagaa wakavu, mume wangu ni mvuvi. Nakuandikia habari za mwanangu wa pili. Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu.

Tangu utotoni huyu ndiye aliyekuwa kicheko cha nyumba. Alikuwa akiiga sauti za watu, ya muuza maji, ya jirani anayegombana na mbuzi wake, mpaka tunashika mbavu. Mwaka 2023 alipoingia kidato cha kwanza, usingizi ukamvamia. Analala darasani. Analala kwenye daladala mpaka anapitilizwa kituo. Analala na tonge mkononi. Kuna daftari lake la Historia nimelihifadhi. Mstari wa kwanza umeandikwa vizuri, wa pili unaanza kuinama, wa tatu maneno hayana maana, ameandika "wakoloni walivua bahari ya chumvi mama", halafu wino unateremka mpaka chini ya ukurasa kama kuku amepita. Ananiambia hakumbuki kuandika hayo.

Shuleni amechapwa mpaka amezoea. Baba yake anasema ni mvivu. Wengine wanasema anavuta bangi, nami nikawa nanusa nguo zake na kupekua begi lake kama polisi. Sijakuta kitu. Amenenepa pia, suruali za shule nimezipanua mara mbili, na chakula ni kilekile. Watu wanasema ni uchovu kwa sababu siku za likizo huenda ziwani usiku na baba yake. Lakini mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hakutia mguu mtumbwini. Alikuwa kitandani kila siku saa 3 usiku, na mchana akasinzia vilevile.

Kilichonitisha zaidi ni kuanguka. Ramadhani iliyopita, baada ya futari, babu yao alikuwa akisimulia jinsi alivyofukuzwa na bata mzinga sokoni. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mlango, kikombe cha uji mkononi. Alianza kucheka kama sisi. Mara nikaona taya limelegea, kichwa kinaitika chenyewe, kikombe kinainama polepole na uji unamwagika kwenye miguu yake, halafu magoti yakakunjika akateleza na ukuta mpaka chini. Macho nusu wazi. Nikamkumbatia nikimsomea Ayatul Kursi sikioni. Haikufika dakika moja akainuka, akasema: "Mama, nimekusikia ukisoma. Nimemsikia na bibi akilia. Nilishindwa tu kukujibu." Tangu hapo imetokea mara nyingi, na karibu kila mara ni kwa kicheko.

Usiku nako hakuna amani. Anashtuka mara nne, mara tano. Mara nyingine anaamka hawezi kusogeza hata kidole, anaona mtu wa kanzu nyeupe amesimama mlangoni, halafu anamkalia kifuani. Tulimpeleka kwa mganga, akasema ni jini la ziwa. Nikauza madumu mawili ya mawese, akachanjwa chale, akafukizwa. Hakuna kilichobadilika. Zahanati kila tukienda ni malaria, anapewa dozi. Mwezi uliopita mahali pengine tukaambiwa ni kifafa, akaandikiwa fenobabito, na sasa analala hata akiwa amesimama.

Giza lililopita, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo wavuvi huingia ziwani, baba yake alimchukua akachangamke. Wavu ulipokuja umejaa, watu wote wakapiga kelele za furaha, na mwanangu akalegea ukingoni mwa mtumbwi. Baba yake mdogo alimdaka shati. Mume wangu alirudi na hasira, anasema amelala kazini. Giza lijalo liko karibu na anataka kumchukua tena.

Shangazi, huyu mtoto siku hizi hacheki. Wenzake wakianza hadithi anatoka nje, anakaa peke yake nyuma ya jiko. Mwaka 2022 alikwenda Kibondo kwa mjomba wake mrina asali, wakaumwa na mbung'o. Je, ni malale? Au ni kweli jini? Wadogo zake nao watapata? Jirani ananishauri nimpe vidonge vya usingizi usiku ili mchana awe macho. Mimi mwenyewe silali tena.

Mama wa Ujiji

*

Waaleykum salaam mwanangu, na marahaba.

Kabla ya yote, giza hili asipande mtumbwi. Msomee baba yake mstari huu ukilazimika: kijana huyu hakulala kazini, miguu na mikono ilimkatika kwa sababu alifurahi, na akitumbukia majini wakati ule atakuwa anajua kila kitu na hataweza kupiga hata mkono mmoja. Kwa sasa asiogelee peke yake, asipande mchikichi kukata ngazi, asikae karibu na pipa la mawese yanayochemka, asiendeshe pikipiki wala baiskeli barabarani. Nimeanza na hili kwa sababu lililobaki linaweza kusubiri wiki moja. Hili haliwezi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Nimekuwa muuguzi miaka mingi na barua yako nimeisoma mara tatu. Shangazi hampimi mtu kwa barua, lakini wewe umeandika kwa makini kuliko mafaili mengi niliyowahi kushika. Usingizi wa mchana usiozuilika, kulegea kwa kicheko huku akili iko macho, kukabwa na jinamizi na kuona watu wakati wa kuamka, na usiku uliokatikakatika. Mambo hayo manne yakikutana kwa kijana wa umri huu, ugonjwa wa kwanza kufikiriwa ni nakolepsi. Kule kulegea kwa furaha kuna jina lake pia, kataplekisi, na ndiyo dalili inayonifanya niandike kwa uhakika huu, kwa kuwa magonjwa yanayomwangusha mtu kwa kicheko huku akisikia kila neno ni machache mno.

Ndani kabisa, chini ya ubongo, kuna sehemu ndogo kama lozi iitwayo haipothalamasi. Humo mna kundi la chembe za neva, watafiti wanalikadiria kati ya 50,000 na 80,000, katika ubongo wenye chembe za neva zaidi ya bilioni 80. Ni wachache kama wavuvi wa kijiji kimoja, lakini mikono yao inafika karibu kila pembe ya ubongo. Wanatoa kemikali iitwayo oreksini, inayokwenda kuziamsha sehemu zinazotuweka macho na kuzishikilia zisilegee.

Wewe mke wa mvuvi unaijua karabai, hata kama siku hizi wengi wamehamia taa za sola. Ikiwashwa inatoa mwanga mweupe, presha ikipungua mwanga unageuka manjano na kufifia, mtu akipiga pampu unarudi. Kwa mwenye afya, oreksini ndiyo mkono unaopiga pampu toka alfajiri mpaka wakati wa kulala, bila mwenyewe kujua. Mwanao mafuta anayo, utambi anao, kioo hakijavunjika. Mkono wa pampu ndio haupo. Ukimchapa, ukimmwagia maji, ukimpa kahawa chungu, umepiga pampu mara mbili tatu. Mwanga utapanda, na baada ya dakika chache utafifia tena. Ndiyo maana fimbo zote zile hazikusaidia, mwanangu, na inaniuma kuzifikiria.

Mkono huohuo ndio unaomzuia mtu asiyumbe kati ya kulala na kuamka. Usipokuwepo, mlango unapigwa na upepo pande zote mbili: mchana usingizi unaingia bila hodi, usiku macho yanafunguka bila sababu. Ukijumlisha saa zote 24, wagonjwa wengi wa nakolepsi hawalali sana kuliko watu wengine. Usingizi wao umevunjika vipande, ukatawanywa mchana na usiku. Lile daftari la Historia ni kipande kimoja hapo. Mkono uliendelea kuandika wakati ubongo umeshaanza kuota. Litunze, ulipeleke kwa daktari.

Na kuanguka? Tunapoota, ubongo hufunga misuli ya mwili ili tusiinuke kupigana na watu wa ndotoni. Ni kama kuufunga mtumbwi kamba ufukweni usiku usije ukachukuliwa na maji. Kwa kawaida usingizi wa ndoto huja baada ya saa moja au saa moja na nusu ya kulala. Kwa mwenye nakolepsi mara nyingi huja ndani ya dakika 15, tena kamba yenyewe inaweza kufungwa mchana kweupe, mtumbwi ukiwa katikati ya maji. Furaha ya ghafla hupita katika sehemu za ubongo zinazoigusa kamba hiyo. Kwangu mimi na wewe oreksini inaishikilia isikaze, tunacheka na kubaki tumesimama. Kwake hakuna wa kuishikilia. Taya hulegea kwanza, shingo inafuata, halafu magoti, vilevile ulivyoona kikombe kikiinama. Huchukua sekunde kadhaa, mara chache hupita dakika mbili.

Mtu wa kanzu naye ni habari hiyohiyo. Macho yamefunguka, kamba haijafunguliwa, na ndoto haijakwisha, kwa hiyo anaiona chumbani kwake. Wazee wetu waliliita jinamizi zamani sana, na hata watu wazima wasio na ugonjwa wowote huweza kukabwa nalo siku za uchovu. Mwambie mwanao hivi, kwa maneno haya. Nimewaona vijana waliobeba hofu ya chumba chao miaka na miaka kwa kukosa mtu wa kuwaambia.

Unaniuliza kama ni jini. Nakuheshimu na imani yako naiheshimu, kisomo chako sikioni mwake alikisikia na kilimtuliza, endelea nacho. Lakini nikusimulie habari ya mbwa. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifugwa mbwa wa jamii ya Doberman na Labrador waliokuwa na ugonjwa huu kwa kurithi. Ukiwawekea chakula wanachokipenda walikuwa wanakimbilia, na kabla ya kufika miguu inawakatika, wanalala chini macho wazi, kisha wanainuka na kuendelea. Furaha ya kuona nyama ndiyo iliyowaangusha. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua kemikali hii bila kushauriana. Kundi la Masashi Yanagisawa na Takeshi Sakurai liliiita oreksini, kutokana na neno la Kigiriki la hamu ya kula, maana walidhani kazi yake kuu ni njaa. Kundi alilokuwemo Luis de Lecea liliiita haipokretini. Mwaka uliofuata, 1999, Emmanuel Mignot na wenzake wakakuta kwamba wale mbwa wa Stanford wana hitilafu kwenye kipokeo cha kemikali hiyohiyo: ujumbe unatumwa, anayetakiwa kuupokea hausikii. Mwaka 2000 ukapimwa ubongo wa watu waliofariki wakiwa na nakolepsi, na zile chembe za oreksini zilikuwa karibu zote zimetoweka, kama 9 katika kila 10. Jina la ugonjwa lilikuwepo tangu 1880, lilitolewa na daktari Mfaransa aitwaye Gélineau. Miaka 120 watu wakawa wanaanguka kwa kicheko bila yeyote kujua kwa nini.

Hata unene ulioushangaa unaingia humu. Oreksini inahusika na njaa na jinsi mwili unavyotumia nguvu, na wagonjwa wengi huongezeka uzito ugonjwa unapoanza, bila kula zaidi.

Nini kiliziua chembe zake? Ushahidi mwingi unaelekeza kwenye askari wa mwili wenyewe, kinga ile inayopigana na vijidudu, kwamba ilikosea adui ikazishambulia. Hutokea zaidi kwa watu waliozaliwa na alama fulani ya urithi, ingawa wengi wenye alama hiyo hawaugui maisha yao yote. Hukumfanya chochote wewe, wala baba yake, wala ziwa. Kuhusu wadogo zake, hatari kwa ndugu wa damu ni kama mtu 1 au 2 katika 100. Ni kubwa kuliko ya jirani, lakini maana yake ni kwamba karibu wote hawatapata. Usianze kuwachunguza kila wakipiga miayo.

Malale umefanya vizuri kuyataja, na usikubali kuondoka hospitali bila kupimwa. Misitu ya Kibondo, na huko kwa jirani zetu wa Urambo na Kaliua, ni nchi ya mbung'o tangu zamani, na malale nayo humfanya mtu alale mchana na kukesha usiku. Ila aina ya malale ya upande wetu wa Afrika Mashariki huenda kasi: homa, kichwa, tezi kuvimba, kukonda, na bila tiba huua ndani ya miezi. Mwanao anakwenda mwaka wa tatu, amenenepa, na malale hayasubiri kicheko. Naamini kipimo kitarudi safi, lakini kipimo kifanyike.

Kifafa ni tofauti pia. Mwenye degedege kubwa la kifafa hupoteza fahamu, hukakamaa na kutupa viungo, mara nyingine huuma ulimi au kujikojolea, na akizinduka hakumbuki. Mwanao analegea kama kitambaa, na anakumbuka kisomo ulichomsomea. Fenobabito yenyewe huleta usingizi, ndiyo sababu amezidi kulala. Hata hivyo usimkatishe ghafla kwa sababu Shangazi kasema. Dawa hiyo ikisimamishwa kwa mara moja huweza kuleta degedege kwa mtu asiyekuwa nalo. Mrudishe kwa daktari wiki hii, aipunguze yeye kwa utaratibu. Na vidonge vya usingizi vya jirani usimpe kabisa.

Anzeni hospitali ya mkoa, Maweni, mkaombe rufaa ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, iwe Bugando au Muhimbili. Usiende na maneno matupu. Nenda na daftari la Historia. Nenda na karatasi ya wiki mbili mfululizo, siku za giza na za mbalamwezi, umeandika alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, alisinzia wapi mchana, alilegea mara ngapi na kwa jambo gani. Na kubwa kuliko yote, akilegea, mmoja wenu achukue simu arekodi. Aonekane uso na magoti, sauti yako isikike ukimwita na kumwambia "nitazame". Nusu dakika ya video hiyo itamwonyesha daktari kitu ambacho kijana mwenyewe hataweza kukionyesha akiwa ofisini kwake na woga. Ukiulizwa historia yake, anza na kicheko. Umeanza na usingizi kila mara, na kila mara ukapewa malaria.

Vipo vipimo vya uhakika. Kimoja ni kulazwa usiku mzima kwenye maabara ya usingizi na kesho yake kupewa nafasi nne au tano za kulala, kila baada ya saa mbili, wakipima anachukua dakika ngapi kusinzia na kama anaingia ndotoni mara moja. Kingine ni kupima oreksini kwenye maji ya uti wa mgongo. Hivi havipatikani kila hospitali, kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa havipo. Kataplekisi iliyo wazi, imeonwa kwenye video na daktari anayeijua, inatosha kwake kuamua pa kuanzia. Hata Ulaya na Marekani, penye maabara hizo, wagonjwa wengi hupita miaka 8 na zaidi kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao. Ninyi mko mwaka wa tatu tu.

Tiba ya kuzirudisha zile chembe haijapatikana. Sitakudanganya, na ukimkuta anayekuuzia dawa ya kuumaliza ugonjwa huu mara moja, hela yako ibaki mfukoni. Lakini zipo dawa za kumweka macho mchana, kama modafinili na methilfenideti, na zipo za kuzuia kulegea, zilizotoka kwenye kundi la dawa za sonona, kama fluoksetini na klomipramini. Akipewa hizi za pili asiziache ghafla, maana kulegea huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Dawa zinazoiga oreksini yenyewe zimefika kwenye majaribio kwa wagonjwa na matokeo yanatia moyo sana. Umri wa mwanao unamruhusu kuzisubiri.

Dawa ya bure ni kulala kwa ratiba. Dakika 15 au 20 mapumziko ya saa nne, nyingine baada ya Adhuhuri, kwa saa, na aamshwe. Kijana wa nakolepsi akiinuka kwenye usingizi mfupi kama huo anakuwa na saa moja mbili za akili safi, na hizo ndizo za kumpangia Hisabati. Mchana asishibe ugali wa muhogo mpaka koo, shibe inamzamisha. Kahawa aruhusiwe asubuhi, ya barazani jioni aiache. Ramadhani ikikaribia muulizeni daktari na sheikh mapema, kwa sababu daku linaukata usingizi wake ambao tayari ni vipande, na mgonjwa ruhusa yake iko kwenye Kurani.

Nenda shuleni, wewe na baba yake pamoja, mkiwa na barua ya daktari. Ombeni vitu vitatu vidogo: akae mbele, aruhusiwe kusimama nyuma ya darasa akizidiwa, na apewe mahali pa kulala zile dakika 20. Mwombeni mwalimu mkuu awaeleze wenzake pia. Wapo watoto watakaomchekesha makusudi ili wamwone akianguka, na hilo likitokea ngazini ni balaa.

Baba yake usimhukumu haraka. Ameona kijana wake akilegea wakati wa neema, mbele ya wavuvi wenzake, hilo kwa mwanamume wa ziwani ni fedheha. Mpe kazi ya kufikiri: nchi kavu pana kazi gani ya kijana mwenye akili? Kuhesabu madishi ya dagaa asubuhi Kibirizi, kuandika madeni, kuanika, kushona nyavu. Aanze nazo wakati wa likizo, asionekane ameondolewa ziwani kwa adhabu.

Na wewe usiyelala: mkono wako wa pampu haupumziki, kwa kuwa unalinda mtoto. Wapo wagonjwa wa kukosa usingizi ambao tangu mwaka 2014 wanapewa, huko Marekani kwanza, dawa za kuizuia oreksini hiyohiyo isipige pampu usiku. Wewe sidhani unazihitaji. Nadhani utalala siku mtumbwi utakapoondoka ufukweni na mwanao yuko chumbani.

Nimebakiza lile la nyuma ya jiko. Wengi wenye kataplekisi hujifunza kutocheka. Wanakaza uso, wanajitenga, na watu wanadhani wamekuwa wakali. Mwanao amefanya hivyo peke yake, bila kufundishwa, ili asiwatishe ninyi. Kwa hiyo leo usiku tandikeni mkeka, yeye akae chini ameegemea ukuta, mto pembeni, asiwe na kikombe cha moto mkononi. Babu arudie ile ya bata mzinga. Akilegea, mmoja ashike kichwa chake kisigonge, asimwagiwe maji, asitiwe kijiko mdomoni, asiitwe kwa kelele, na bibi asilie. Anasikia. Babu asikatishe hadithi.

Shangazi